Kuwa Ndani ya Uzio Si Kitambulisho

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu na Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti

Waheshimiwa,

Kabla kaunti yetu haijatia sahihi mkataba mwingine wa kununua mfumo wa kompyuta wa vituo vya afya, naomba mwagize jambo moja lifanywe kwanza katika mifumo iliyopo: hifadhidata za wagonjwa ziache kumfungulia kila anayebisha. Kila mtu na kila programu inayotaka kuingia humo ijitambulishe kwa jina lake yenyewe, ithibitishe kuwa ndiyo, na mazungumzo yake na seva yasimbwe ili wengine walio kwenye mtandao huohuo wasiyasome. Uwezo huo umo tayari ndani ya programu tunazotumia, umelala tu. Hauhitaji zabuni.

Naandika kutoka Pap Onditi, makao makuu ya Nyakach, ambako kazi yangu ni kufunga mitandao katika shule, SACCO, maduka ya dawa na zahanati za watu binafsi. Siishtaki hospitali yoyote ya serikali. Ninayoyasema yanahusu aina ya mifumo inayotumika kuanzia Ahero hadi Sondu, na fundi yeyote wa upande huu akiyasoma ataitikia kwa kichwa.

Mfumo wa rekodi una milango miwili. Wa kwanza mnaujua. Nesi akiingia zamu ya asubuhi anawasha kompyuta, anaandika jina na nywila, orodha ya wagonjwa inatokea. Wa pili hauonekani. Nyuma ya ukurasa ule programu nayo huiendea hifadhidata na kuiomba: nipe faili la mama huyu, nipe vipimo vyake vya mwisho. Nayo hujitambulisha, kwa jina na nywila ambazo fundi aliziandika kwenye faili la mipangilio siku mfumo ulipowekwa. Semina za usalama wanazopelekwa wafanyakazi huzungumzia mlango wa kwanza: usimpe mwenzako nywila, usiibandike kwenye skrini. Mlango wa pili hauna semina. Na aliyeingia kwa wa pili hana haja na wa kwanza. Hahitaji nywila ya nesi, wala mfumo hautaandika kwamba fulani amefungua faili la fulani. Anakuta jedwali zima, wagonjwa wote, tangu siku kituo kilipoanza kutumia kompyuta.

Kliniki nyingi za VVU nchini hutumia KenyaEMR, ambao umejengwa juu ya OpenMRS. Mfumo huu wa OpenMRS, unaotumika leo katika nchi nyingi, una mizizi huku kwetu magharibi: mwaka 2001 rekodi za wagonjwa wa kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, zilianza kuwekwa kwenye kompyuta, na kazi ile ndiyo iliyofungua njia ya OpenMRS kuanza kuandikwa 2004. Chini yake hukaa hifadhidata ya MySQL. Programu na hifadhidata zikiwa kwenye seva moja, kama ilivyo kawaida katika vituo vidogo, MySQL inaweza kuamriwa isikilize sauti ya mashine yake yenyewe peke yake, na hapo mazungumzo yake na programu hayapiti kwenye kebo.

Mambo hubadilika siku maabara inapopata kompyuta yake, au duka la dawa linapounganishwa, au afisa wa kumbukumbu za afya anapotaka kuvuta takwimu za mwezi akiwa mezani pake. Fundi anaitwa Ijumaa saa tisa alasiri, ripoti inatakiwa kabla ofisi haijafungwa. Anafungua mlango namba 3306, ule ambao MySQL husikilizia, kwa mtandao wote, ripoti inatoka, anashukuriwa, anapanda boda kwenda zake. Mlango haufungwi tena. Na tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ianze kazi Oktoba 2024, kompyuta za vituo zinazidi kutakiwa kuzungumza na mifumo ya nje, kwa hiyo Ijumaa za namna hiyo zitazidi kuwa nyingi.

MySQL yenyewe ina utaratibu mzuri ambao wengi wetu tunauruka. Akaunti haitambuliwi kwa jina pekee. Hutambuliwa kwa jina pamoja na inakotoka: fulani wa kompyuta ya maabara, fulani wa seva yenyewe. Fulani huyohuyo akija kutoka mashine nyingine anahesabiwa mgeni na anakataliwa hata kama nywila yake ni sahihi. Lakini pale pa kuandika anakotoka panaruhusiwa alama ya asilimia, na maana yake ni popote. Ni kubonyeza mara moja tu kwenye kibodi. Nimezikuta asilimia hizo katika seva nyingi kuliko ningependa kusema, na mara nyingi akaunti iliyopewa ruhusa hiyo ni ile ya mkuu wa mashine, root, inayoweza kusoma yote, kubadili yote na kufuta yote.

Niwape mfano wa karibu. Mwenye zahanati moja ya binafsi, ambayo sitaitaja, aliniita nimwongezee nguvu ya waifai. Nikamwomba kwanza tuangalie kinachopita humo. Kwa ruhusa yake nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, laptopu mapajani, nimeunganishwa kwa nywila ya waifai iliyobandikwa ukutani kwa ajili ya wateja wanaosubiri. Nikaita mashine zilizopo. Seva ya rekodi ikaitika, mlango 3306 wazi. Tukaingia ofisini kwake, tukaiagiza swichi itupe nakala ya kila kinachopita kati ya maabara na seva. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini. Katikati ya alama zisizosomeka yakatokea maneno yanayosomeka kabisa: jina la kwanza, jina la baba, kijiji, umri, halafu herufi tatu, TLD, na mbele yake kiwango cha virusi. TLD ni mchanganyiko wa dawa wanaoanzishiwa watu wazima wengi wanaoishi na VVU nchini. Mwenye zahanati alimjua mgonjwa. Mimi pia nilimjua. Alinyoosha mkono akaifunga laptopu mwenyewe.

Wenzangu wa fani watasema MySQL haitumi nywila wazi. Ni kweli. Hata kwa njia yake ya zamani, seva humrushia mgeni tarakimu za kubahatisha, naye huzirudisha zikiwa zimechanganywa na nywila kwa hesabu maalumu, kwa hiyo nywila yenyewe haipiti kwenye waya. Lakini salamu hiyo ikishaisha, kama muunganisho haujasimbwa, maswali na majibu yote hupita jinsi yalivyo. Nywila imesitiriwa, mgonjwa hajasitiriwa.

Kuna mtego mwingine katika programu za miaka ya karibuni. Nyingi huja zimepangwa zijaribu kusimba kwanza, na zikishindwa ziendelee bila kusimba, kimyakimya, bila kumwambia mtu. Fundi anaona kila kitu kinafanya kazi, anafunga mkoba. Dawa yake ni mpangilio uitwao require_secure_transport, uliokuja na MySQL 5.7, unaoiamuru seva imkatae asiyesimba. Upande wa pili, kompyuta inayoingia nayo iamriwe kukagua cheti cha seva, ijue kwamba inazungumza na seva ya kituo na siyo laptopu ya mtu aliyejichomeka katikati. Bila ukaguzi huo unazisimba siri zako vizuri sana kisha unamkabidhi mwizi. Na kuna suala la umri: toleo la 5.6 liliacha kupata marekebisho ya usalama Februari 2021, la 5.7 Oktoba 2023. Ulizeni vituo vina toleo gani. Swali hilo peke yake litawafunza mengi.

Mtauliza kwa nini jambo hili liwe zito Kisumu kuliko kaunti nyingine. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya watu wazima nchini wanaishi na VVU. Kwa Kisumu ilikuwa asilimia 17.5. Kwa hesabu hiyo, hifadhidata ya kliniki ya huku ina shangazi zetu, walimu wetu, wanakwaya wetu na wachumba wa watoto wetu. Wapo watu wa Nyakach wanaopanda matatu hadi Kisumu mjini kuchukua dawa, wakiipita hospitali iliyo karibu na nyumbani, kwa sababu hawataki kuonekana wamekaa benchi fulani siku fulani ya wiki. Mtu anayejitwisha nauli ya kwenda na kurudi ili jirani asimwone, tumwambie nini tukijua kwamba jina lake linapita kwenye waya ambao jirani huyo anaweza kuusoma akiwa amekaa kwenye benchi lingine?

Nchi hii imeshalikaribia janga la namna hii. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe habari za watoto wa shule wanaoishi na VVU pamoja na walezi wao. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda kortini, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo lile lilikiuka haki ya faragha iliyo katika kifungu cha 31 cha Katiba, na kwamba majina yaliyokusanywa yahifadhiwe kwa namna isiyomwonyesha mtu pamoja na hali yake. Mimi si wakili, lakini naisoma hukumu ile kama agizo la kazi kwa fundi.

Singapore, yenye fedha na wataalamu kutuzidi, ilipata aibu hiyo Januari 2019, wakati habari za watu wapatao 14,200 wenye VVU zilipowekwa hadharani mtandaoni. Wizara ya Afya ya huko ilieleza kwamba aliyezitoa alikuwa mwenzi wa daktari aliyekuwa na ruhusa ya kuifikia sajili. Hakuna ukuta uliovunjwa. Sisi huku tumezoea kuogopa kelele: Julai 2023 tovuti ya huduma za serikali, eCitizen, ilipozidiwa na mashambulizi, nchi nzima ilijua siku ileile kwa sababu huduma zilikwama. Anayeisoma hifadhidata taratibu hakwamishi kitu. Ripoti zinatoka, foleni inasonga.

Na hospitali zinajua vizuri kulinda kitu hatari. Nendeni mtazame kabati la dawa hatari, DDA, lenye morfini na pethidini. Limefungwa mara mbili, ufunguo uko kwa mtu anayejulikana, na kila ampuli inayotoka ina jina la mgonjwa, sahihi ya aliyeitoa na sahihi ya shahidi. Muuguzi msimamizi hawezi kukubali kitabu ambacho mahali pa sahihi pameandikwa “wodi”. Hifadhidata zinakubali. Maabara, duka la dawa, afisa wa kumbukumbu, mtu wa mradi, kampuni iliyouza mfumo, wote huingia kwa akaunti moja, na kumbukumbu za seva, kama zimewashwa, zinaandika jina hilohilo usiku na mchana.

Hapo ndipo sheria itakapotubana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, inamtaka anayeshika data aweke ulinzi tangu anapobuni mfumo. Kifungu cha 43 kinamtaka amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data imefikiwa na asiyeruhusiwa, aeleze kilichotokea na, inapowezekana, ni nani aliyeingia. Hebu fikirini waraka huo ukiandikwa na kituo chenye akaunti moja kwa wote. Kwenye nafasi ya “nani” wataandika root. Kamishna atauliza root ni nani, na jibu la kweli litakuwa: sote.

Swali ninalotaka lijibiwe kwanza kabisa linahusu Januari 2025. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya VVU ilisimama ghafla, na watu waliokuwa wakiingiza data na kutengeneza seva walirudishwa nyumbani, wengine bila hata kukabidhi kazi. Wengi nawajua. Ni vijana waaminifu waliofanya kazi ngumu kwa miaka, na siwatuhumu kwa lolote. Ninachouliza ni hiki: akaunti zao za hifadhidata zilifungwa lini, na nani alizifunga? Nywila zilizokuwa kwenye laptopu za miradi zilibadilishwa? Mahali ambapo kila mtu alikuwa na akaunti yake, hiyo ni kazi ya dakika chache: unafuta jina moja, wengine wanaendelea. Mahali palipokuwa na akaunti moja ya wote, kubadilisha nywila kunazima maabara, duka la dawa na ripoti kwa mpigo, kwa hiyo nashuku watu waliogopa, wakaacha.

Nimeshasikia pingamizi mbili. Ya kwanza husema seva zetu haziko kwenye intaneti, ziko ndani ya uzio. Mwanzoni mwa 2017 makumi ya maelfu ya hifadhidata za MongoDB duniani zilikutwa hazina nywila, zikafutwa, na wenyewe wakaachiwa ujumbe wa kudai fidia. Nashuku baadhi ya wenyewe nao waliamini kwamba ziko ndani. Uzio wa zahanati ya kijijini una matundu yake: waifai ya wageni iliyo kwenye ruta ileile, modemu ambayo mtu aliichomeka kwenye seva ili apate bando, kebo iliyotokeza nyuma ya meza ya mapokezi. Kuwa ndani kunaonyesha kwamba umepata pa kuchomekea. Hakuonyeshi wewe ni nani.

Pingamizi ya pili naiheshimu zaidi, maana hutoka kwa mafundi: vyeti vya kusimba vinasumbua. Vinasumbua kweli, na chanzo chake huku kwetu si kile kinachoandikwa vitabuni. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, kwa hiyo mashine inayokikagua lazima ijue leo ni lini. Ndani ya kompyuta nyingi kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032, inayotunza saa mashine ikiwa imezimwa. Hapa stima hupotea mara kwa mara, ingawa mitambo ya Sondu Miriu, megawati 60, iko humuhumu Nyakach. Betri hiyo ikifa kwenye kompyuta ya maabara na stima ikapotea usiku, asubuhi kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka wa zamani. Inakiona cheti cha seva kuwa ni cha siku zijazo, inakikataa, maabara inasimama, foleni inajaa hadi nje. Fundi aliyeitwa mbio, asiyejua habari ya betri, atazima ukaguzi wa cheti ili kazi iendelee, na nani atamlaumu wagonjwa wakiwa wamesimama juani? Kwa hiyo atakayeandika mwongozo wa kaunti auanze na betri na saa: kila mashine ipate saa yake kutoka kwenye seva ya kituo, na seva iwe na betri mpya. Nimeona miongozo mirefu ya usalama wa mitandao. Sijaona unaotaja betri. (Seva iwekwe juu pia, mbali na sakafu. Walioishi nyanda za Nyando na Nyakach wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hawahitaji kuelezwa sababu.)

Vyeti vyenyewe havinunuliwi. Idara yenu inaweza kuwa na mamlaka yake ndogo ya kutoa vyeti kwa vituo vyote vya kaunti, kwenye kompyuta moja isiyounganishwa na mtandao, ikae kwenye kabati la chuma ofisini Kisumu, chini ya afisa mmoja na msaidizi wake. Kila kituo kipewe cheti cha seva yake, na tarehe za kuisha ziandikwe kwenye kalenda ileile inayofuatilia tarehe za chanjo na dawa. Watu wa famasia wana nidhamu hiyo tayari. Wakiombwa wataisaidia idara ya kompyuta kuipata.

Naomba basi waraka mfupi utoke kwa idara kwenda vituo vyote: hifadhidata isisikilize nje ya seva yake pasipo sababu iliyoandikwa, akaunti ya asilimia ifutwe, root asiingie kupitia mtandao hata siku moja, kila programu na kila mtu awe na akaunti yake, yenye ruhusa ya kazi yake tu, maana maabara haina haja ya kuweza kufuta jedwali la wagonjwa, asiyesimba akataliwe, waifai ya wageni itengwe kabisa na mtandao wa kazi. Kumbukumbu za walioingia ziwashwe, na kuwe na mtu anayezisoma, hata kama ni mara moja kwa wiki akiwa na chai yake. Mikataba mipya na wauzaji wa mifumo iyataje haya kwa maneno, pamoja na siku ambayo akaunti ya muuzaji itafungwa. Kamati nayo iitishe ripoti kila robo mwaka: vituo vingapi vimekamilisha, vingapi bado. Majina ya vituo yasitangazwe kabla havijatengenezewa milango yake, msije mkawachorea wezi ramani.

Nyakach inaweza kuanza. Vituo vyetu ni vichache, mafundi tunajuana, na ninajua watatu au wanne ambao wangejitolea Jumamosi wakiitwa rasmi na kuapishwa kutunza siri. Bila barua ya idara hatuwezi kugusa seva ya umma, na ni sawa tusiweze.

Kuhusu akaunti za miradi iliyofungwa 2025, naomba jibu kwa maandishi kabla ya mengine yote. Hilo halihitaji hata kununua betri.

Wenu mtiifu,

Fundi wa mitandao,
Pap Onditi, Nyakach

Nakala: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, Nairobi